Sakafu ya Silabi: Kurudisha Marumaru za Nyumba Kongwe Huku Mkitegeana Vitendawili

Ukumbi wa nyumba yetu, mtaa wa Kiponda katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, una upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Aliyejenga hakukosa nafasi. Nyumba za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba kama vichochoro vyenyewe. Ukumbi umetandikwa marumaru za saruji za sentimita 20 kwa 20, za rangi nyekundu iliyofifia, kijivu na nyeupe, zilizopangwa nne nne zikatoa ua. Hesabu yake ni nyepesi: 15 kwa upana, 20 kwa urefu, jumla 300. Tulipoanza kazi, themanini hivi zilikuwa zimeachia, kumi na moja zimepasuka, na pembe moja yote imefunikwa kwa saruji iliyomwagwa tu mtu apite.

Kazi hii ina kungoja kwingi kuliko kutenda. Chokaa inataka kulala, marumaru zinataka kuloweshwa, doa linataka siku nzima ya kufunikwa. Kwetu kungoja huko kulijazwa na michezo ya maneno, kwanza kwa sababu ya watoto, baadaye kwa sababu wazee waligoma kuacha. Nitaeleza vyote viwili kama vilivyokwenda, kwa sababu katika hatua moja, ile ya kuchora ramani, mchezo na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Kabla hujagusa kitu

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985. Kubadilisha nyumba ndani ya eneo lake kunataka kibali. Kurudisha marumaru zilezile pahala palepale ni jambo dogo, lakini nenda ukaulize kabla hujaita fundi, hasa kama utagusa dari, ukuta au mfereji wa maji. Nyumba ikiwa ya Wakfu au ya Serikali, au wewe ni mpangaji, anza kwa mwenyewe.

Halafu chagua majira. Masika, yaani Machi mpaka Mei, usifungue sakafu. Kila kitu kina unyevu, mchanga haukauki, na paa linalovuja litakuaibisha. Sisi tulianza Juni, kipupwe kikiingia, tukamaliza kabla ya vuli. Kaskazi nayo ina jua kali linalokausha chokaa upesi mno. Ukilazimika kufanya kazi miezi hiyo, funga madirisha ya upande wa jua.

Zijue marumaru zako

Watu wanaita kila kitu marumaru: jiwe lenyewe la marumaru, tailizi za kuchomwa za dukani, na hizi za zamani za saruji. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine, basi tafuta iliyoachia uigeuze.

Ya saruji ina unene wa kiasi cha sentimita 2. Ukiitazama ubavuni utaona tabaka: juu rangi, milimita chache tu, chini yake saruji ya kijivu iliyokwaruza. Haikuchomwa kwenye tanuri. Rangi ilimiminwa kwenye kalibu, ikafuatiwa na saruji, kisha ikakandamizwa kwa mashine na kuachwa ikomae kwa maji. Ufundi huu ulienea Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, ukafika Bara Hindi. Kiwanda cha Bharat cha Mumbai kilianza 1922. Baadhi ya marumaru zina jina la kiwanda mgongoni, basi usizirudishe chini kabla hujazipiga picha.

Dondosha tone la maji. Saruji isiyopakwa kitu hulinywa polepole na kuacha kivuli. Tailizi ya kuchomwa yenye kung'aa hulikataa. Jiwe la marumaru lina mishipa inayopita mpaka ndani, na rangi yake haina tabaka.

Usikilize, kisha uchungulie chini

Chukua kisu cha jikoni chenye mpini wa mti, ukishike kwa upande wa bapa kilichofungwa kitambaa, na ugonge kila marumaru mara mbili: katikati na pembeni. Iliyoshika hujibu kwa sauti fupi, nzito. Iliyoachia hulia kama kibuyu kitupu. Ukiisikia, ichoree duara kwa chaki. Fanya hivi usiku mtaa ukitulia. Mchana, kwa honda na wauza samaki, utabahatisha.

Hapo ndipo bibi alipotega kitendawili cha kwanza, akiwa amekaa kwenye kiti chake bila kutuangalia.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimelala chali miaka mingi, mnanikanyaga sisemi. Mkinigonga ndiyo nasema."

Watoto walitaja ngoma, mlango, hata mbuzi wa jirani. Bibi akataka mji, wakampa Wete. "Nilikwenda Wete, nikafika Wete, nikala pweza wa Wete, nikawaacha nyinyi hapa mmeinama mkigonga marumaru." Ndipo wakacheka.

Kama sakafu yako iko ghorofani, shuka chumba cha chini uangalie boriti kabla hujaendelea. Chomeka bisibisi kila boriti inapoingia ukutani, maana hapo ndipo maji na mchwa huanzia. Ikizama kama kwenye keki, simama. Marumaru haziachii hivihivi: ama boriti inashuka, ama maji yanapita chini yake, ama aliyetandika alikosea mchanganyiko. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, nyumba iliyosimama tangu 1883, ilianguka mbele ya mji mzima. Baada ya hapo sina haja ya kumshawishi mtu wa Unguja aangalie kilichobeba kabla hajapamba kilichobebwa. Paa, mfereji na bomba la choo vitengenezwe kwanza. Ukitandika marumaru juu ya maji, utazitandika tena mwakani.

Ramani: badala ya namba, silabi

Marumaru zikishatoka lazima ujue kila moja ilikuwa wapi. Hata zile zinazofanana hazifanani: moja imelika upande wa mlango, nyingine ina kovu la mguu wa kitanda, na kingo zimezoeana kwa miaka. Mafundi wengi huandika namba. Tulianza na namba, mtoto mmoja akasoma 69 akaiweka kichwa chini miguu juu, tukaziacha.

Dada yangu ni mwalimu wa skuli, darasa la kwanza. Yeye ndiye aliyesema: "Hizi si ni ba be bi bo bu?" Akasimama mlangoni akahesabu. Upana wa ukumbi ni marumaru 15, yaani irabu tano mara tatu. Urefu ni 20. Safu ya kwanza kutoka mlangoni ikawa a e i o u, a e i o u, a e i o u. Ya pili ikawa ba be bi bo bu, mara tatu vilevile. Kisha cha, da, fa, ga, ha, ja, ka, la, ma, na, pa, ra, sa, ta, va, wa, ya, na za dirishani. Konsonanti 19 na irabu peke yake, safu 20 kamili. Nilihesabu mara mbili kwa kutoamini.

Chumba chako kikiwa kirefu zaidi, ongeza dha, gha, nya, sha, tha. Kikiwa kifupi, punguza zilizo adimu. Kila silabi inatokea mara tatu, kwa hiyo ukiupa mlango mgongo, ya kushoto ni 1, ya kati ni 2, ya kulia ni 3. Marumaru ya "ka" ya katikati ni ka2, wala hakuna wa kuipindua.

Andika kwa chaki juu. Piga picha kila safu nne, ukisimama juu ya kiti. Chora na karatasini, kwa sababu simu huanguka kisimani. Marumaru ikishang'oka, andika jina lake mgongoni kwa penseli nene ya seremala, na chora mshale unaoelekea dirishani. Mshale huo usiudharau, nitaurudia.

Chaki ikiwapo, mchezo upo. Mmoja anakaa pembeni anataja neno, mwingine analiruka kwa silabi: sa-ka-fu, ba-ra-za, ki-ta-bu, ka-ra-fu-u. Kukanyaga marumaru yenye duara ni kuzama baharini, umetoka. Sharti hili lilitungwa kulinda marumaru zilizoachia, na kwa siku mbili watoto wakawa wanazijua zote themanini kwa kichwa kuliko mimi mwenye karatasi.

Kuna hila ndani yake. "Marumaru" linaonekana neno gumu, kwa sababu kutoka ma mpaka ru ni kuchanua miguu toka irabu ya kwanza mpaka ya tano, mara mbili, kwenda na kurudi. Mwana wa dada, wa miaka tisa, alisimama kwanza, akatazama, akagundua kwamba u ya kushoto imepakana na a ya kati. Akaanzia ma2, akaruka safu tatu kwenda ru1, akarudi ma2, akaenda ru1. Karibu mstari ulionyooka. Tangu hapo hakuna aliyeruka tena bila kupanga njia, na wazee wakaanza kutafuta maneno ya kumkomesha. Neno lenye nyu, mba au ndi halirukiki kwetu, kwa hiyo katika sakafu ya nyumba yetu neno "nyumba" halimo, wala "fundi".

Neno la hadhari: mruke tu kama boriti zimeshakaguliwa na ziko salama. Zikiwa na shaka, chezeni kwa kusogeza kokwa ya ukwaju kwa kijiti, mmekaa pembeni.

Kung'oa

Anza na iliyokwisha kuvunjika. Hiyo ndiyo mlango wako. Safisha maungio kwa wembe wa msumeno wa chuma uliofungwa kitambaa upande mmoja, taratibu, mpaka ufike chini. Kisha patasi bapa, ilale karibu sawa na sakafu, uigonge kwa nyundo ndogo ukienda pande zote nne. Ukihisi imelegea, usiibandue kama mfuniko wa kopo. Ingiza patasi ya pili upande wa pili uinyanyue sawasawa. Isiyolia kibuyu iache ilipo. Kuna watu wanang'oa sakafu nzima ili ipendeze, wakaishia na nusu ya marumaru walizoanza nazo.

Vaa barakoa na miwani. Vumbi la saruji na mchanga likiingia kifuani halitoki kwa kikohozi.

Marumaru zilizotoka zisimamishe kwa ubavu juu ya jamvi, zikiegemea ukuta, kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya moja, mchanga ulio katikati unakwangua rangi, na ile ya chini kabisa inapasuka kwa uzito.

Kuosha, na kosa langu la ndimu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Sisi tumelelewa kusugua sinia za shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, zikang'aa ukajiona uso. Nikaona marumaru ya li3 ina doa la chai lenye umri wangu. Nikakata ndimu, nikachovya chumvi, nikasugua. Lilitoa vipovu vidogo, nikafurahi, nikadhani uchafu unatoka. Nilipofuta, doa lilikuwapo vilevile, na kulizunguka pamebaki duara lenye kwaruzo, jeupe, lisilo na mng'ao, kama ulimi uliounguzwa. Vile vipovu vilikuwa marumaru yenyewe inayeyuka. Saruji ina chokaa ndani yake, na asidi yoyote, iwe ndimu, siki, tindikali au dawa kali ya choo, hula chokaa. Tabaka la rangi ni milimita chache, ukilimaliza umelimaliza. Hiyo li3 sasa imekaa chini ya kabati, ipumzike.

Njia salama ni ya kizamani na ya kuchosha. Fagia kavu kwanza. Paruza sabuni ya mche ndani ya maji ya uvuguvugu, chovya brashi ya nailoni, si ya waya, sugua kwa mizunguko midogo, suuza kwa maji machache mara nyingi. Rangi ya mafuta iliyodondoka ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu au kisu butu kilicholazwa. Doa la mafuta lipake uji mzito wa unga wa chaki uliochanganywa na tepentaini, funika kwa nailoni, gandisha kingo kwa utepe, acha siku nzima. Unga ukikauka unalivuta doa juu. Fungua madirisha, na moto uwe mbali. Mara nyingine ni lazima urudie mara tatu.

Ukiona unga mweupe unaorudi kila ukifuta, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu. Usiioshe, maana maji yataiyeyusha irudi ndani. Iondoe kwa brashi kavu, na utafute unyevu unatoka wapi.

Katika kusugua mikono ina kazi lakini kinywa hakina, na huo ni wakati wa kinyume. Watoto wa mji huu wamekuwa wakisema kinyume tangu zamani ili wakubwa wasiwaelewe: unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele. Maji yanakuwa jima, nyundo ndonyu, mwiko komwi, sakafu fusaka. Raha yake ni pale neno likigeuzwa linazaa neno jingine. Mawe ukiyageuza unapata wema. Kazi inakuwa zika. Kata inakuwa taka. Fundi wetu, mzee tuliyemwita Ami, alikuwa amepiga magoti akipanga mchanga wake, mtoto akapaza sauti kutoka uani: "Ami! Achoka!"

"Nani achoka? Mie bado."

Mtoto alikuwa anamwambia chokaa imefika.

Chokaa

Usiruhusu mtu akutandikie kwa saruji tupu. Saruji ngumu chini ya marumaru ya zamani hufanya mambo matatu. Inaziba unyevu ubaki kwenye boriti na ukuta, inaongeza ugumu juu ya sakafu inayopumua na kucheza kidogo, na siku ukitaka kung'oa tena marumaru zitatoka vipande. Chokaa inaachia hewa na inasamehe.

Ukinunua chokaa ya tanuri isiyozimwa, mpe kazi hiyo anayeijua. Chokaa hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye chokaa, kwa sababu inachemka na kuruka, na jicho likipatwa ni jambo la hospitali. Watoto wakae mbali, watege kitendawili cha mbali: "Nimempa maji anywe, kachemka bila moto." Ikishazimwa, iache shimoni au kwenye pipa ikiwa chini ya maji, wiki kadhaa kwa uchache, miezi ikiwezekana. Ukitumia ya mifuko iliyokwisha kuzimwa, iloweke usiku kucha upate ugali laini.

Mchanga uwe wa shamba, si wa pwani. Wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo ule unga mweupe. Mchanga wenyewe siku hizi unachimbwa kwa kibali, basi nunua kwa muuzaji anayeeleweka, uchekeche, na ukishika kiganjani uache chembe, si tope.

Kipimo ni kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Pahala pa chini penye unyevu, ongeza nusu kipimo cha vigae vya udongo vilivyotwangwa laini. Vinaisaidia chokaa kushika hata penye maji. Kwa hesabu ya mkono: marumaru 25 zinajaza mita moja ya mraba. Themanini zetu zilikuwa mita za mraba 3.2, na kwa kitanda cha sentimita 2 na nusu tulihitaji ndoo nne za lita 20 za mchanga, na chokaa ndoo moja na theluthi. Chokaa haiongezi wingi sana, inaingia katikati ya chembe.

Changanya kwa maji machache mno. Ami alikuwa akiukamata mchanganyiko akaufinya: ukisimama kama donge la halua, uko tayari, ukichuruzika, ongeza mchanga.

Kutandika

Kwangua kitanda cha zamani mpaka ufike penye kushika, fagia, nyunyiza maji. Kikavu kitanyonya maji ya chokaa na kuacha vumbi. Vivyo hivyo marumaru: zichovye kwenye ndoo mpaka viputo viishe, zitoe, ziegemeze zijifute.

Funga uzi kutoka ukuta mpaka ukuta, kwa kufuata marumaru ambazo hukuzing'oa, si kwa kufuata pima maji peke yake. Sakafu ya nyumba kongwe imeinama inavyotaka. Ukitandika kiraka kilichonyooka kabisa katikati ya sakafu iliyoinama, kila mgeni atajikwaa hapo. Mwaga chokaa, sawazisha kwa ubao, weka marumaru, igonge kwa nyundo ya mpira mpaka iwe sawa na jirani zake. Maungio yawe milimita moja au mbili, kama yalivyokuwa.

Watoto walikuwa wachukuzi. Ami anaita "mo1!", wanaitafuta kwenye jamvi, na anayeileta lazima ataje neno linaloanza na silabi hiyo kabla hajaikabidhi. Kwa mo ni moto, moyo, motokaa. Tulipofika safu ya va kazi ilisimama dakika nzima tunatafuta neno la vo.

Sasa ule mshale. Marumaru zetu nne ndizo zinatoa ua moja, kila moja ina robo. Ukizungusha moja, ua linapata petali inayoangalia ukuta. Ami alitandika ndoo nzima ya chokaa bila kosa, akasimama, akanyoosha mgongo, akaridhika. Binti mdogo wa miaka sita, asiyeruhusiwa kubeba marumaru, akasema kwa sauti ndogo kwamba ua la karibu na kabati "limefinya jicho". Tulitazama sote hatukuliona. Alipoenda kuonyesha kwa kidole ndipo tukaona: pu2 ilikuwa imegeuka robo, mshale wake haukuchorwa. Chokaa ilikuwa bado mbichi, ikatoka kwa patasi mbili. Ingekuwa saruji, tungejifunza kulipenda.

Ukimaliza, funika kwa magunia yaliyoloweshwa, yanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki moja. Chokaa haishiki kwa kukauka, inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyo hewani, na inataka unyevu wa kuivutia. Wiki hiyo mtu apite juu ya mbao. Kabati na kitanda visirudi kabla ya mwezi.

Zilizokosekana

Kumi na moja zilikuwa hazifai, na zile za chini ya ile saruji ya pembeni zilitoka vumbi. Usikimbilie dukani. Angalia chini ya kitanda, nyuma ya mlango, chini ya ngazi. Huko kuna marumaru nzima zisizoonwa na mtu. Zihamishie katikati, na zile zenye makovu ziende zikafichwe. Ukipungukiwa kabisa, tandika za rangi moja, kijivu au nyekundu, ukutani kwa mstari ulionyooka kama ukingo. Marumaru za dukani zilizochapishwa maua ya kuigiza, katikati ya maua ya kweli, mimi sizipendi. Jicho linazikamata toka mlangoni.

Vilivyovunjika tusivitupe. Tulivikata vidogo, tukavipiga msasa kingo, tukaandika silabi kila kimoja kwa rangi, tukapata mchezo wa kupanga maneno mezani. Tumewahi kuwa na Scrabble ya Kiingereza nyumbani, mchezo wa kupanga herufi: vipande 100, K moja tu, Z moja tu, W mbili. Kiswahili kwa K moja utaandika nini? Kwa silabi mambo ni mengine. Tulitoa ka, ki na ku nne nne, ma na wa tano tano, a sita, na fo na vo moja moja. Kila mtu achukue saba. Neno la kinyume linakubaliwa kama na lenyewe lina maana, na hapo anayeweka mawe akayageuza wema anapata mara mbili.

Kujaza maungio na kumalizia

Chokaa laini na vumbi la mawe lililochekechwa, jepesi kama mtindi. Paka marumaru maji ya sabuni kwanza zisinyonye, sukuma mchanganyiko kwa kipande cha mpira, futa papo hapo kwa sponji iliyokamuliwa. Usitumie grauti nyeusi ya dukani: inaingia kwenye rangi na haitoki. Jaribu pembeni kwanza.

Ghorofani, zikishakauka kabisa, unaweza kupaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, membamba, ukifuta yanayobaki baada ya robo saa, kisha nta. Rangi itaiva, iwe nyeusi kidogo. Matambara yenye mafuta hayo yaanike yakiwa yamekunjuliwa uani, usiyafinyange pembeni, kwa sababu hupata moto yenyewe. Sakafu ya chini inayopandisha unyevu iache bila mafuta na bila vanishi, ipumue. Kupiga deki ni kwa sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa, na mkeka mlangoni wa kupokea mchanga wa miguu.

Tumebakiwa na marumaru tatu nzima za akiba. Zimefungwa kwenye kanga chakavu ya bibi, zimo katika sanduku la vipande vya silabi chini ya kitanda, na mgongoni zimeandikwa zo3, zu2 na zu3, kila moja na mshale wake.